Boxer itapanda Lushoto, we niulize itashukaje

*"Shikamoo fundi. Niko Dar, Mbagala. Nina Boxer 150 ina mwaka wa 3, sijawahi kuifanyia bodaboda, ni ya kwendea kazini tu. Mimi na mke wangu tunataka twende nayo Lushoto kutembea, siku 4, tufike Irente na tukiweza mpaka Mtae. Tumepanga Pasaka maana ndo nina likizo. Sasa watu wamenichanganya. Mmoja anasema 150 na watu wawili ule mlima haipandi, itachemsha. Mwingine anasema ikipanda basi kushuka niweke frii, nisevu mafuta na injini ipumue. Na wote wanasema breki ya mbele nisiiguse kabisa kule, itanibinua. Mi mwenyewe hofu yangu ni kupanda, nasikia kona zimefuatana na bonde liko pembeni. Siyo mtu wa mbio, mwendo wangu ni 60, ikizidi hapo usukani unachezacheza kidogo ila nimeshazoea. Breki zangu ni za dramu mbele na nyuma. Nishauri, twende nayo au tupande basi?"*

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwenye kitu kimoja ambacho we umekitaja haraka haraka kule mwishoni kama vile si kitu. Nitakirudia. Tuanze na ulichouliza.

Unaogopa kupanda, na nakuelewa, maana ukisimama pale Mombo ukainua macho ule mlima umesimama kama ukuta na unajiuliza barabara inapita wapi. Lakini Boxer itapanda. Nenda pale Soni, kimji cha njiani kati ya Mombo na Lushoto, uone bodaboda wa kule wanapanda na abiria na gunia la karoti juu yake, na pikipiki zao zina hali mbaya kuliko yako. Kuhusu kuchemsha, injini yako inapozwa na upepo, haina rejeta wala maji, sasa kitachemka nini? Kinachoweza kutokea ni injini kupata joto sana na kuanza kuzubaa, na hilo haliletwi na mlima, linaletwa na dereva anayeng'ang'ania gia kubwa. Mombo iko mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto mjini ni kama 1,400, na hewa inapungua kwa kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Injini inavuta hewa pungufu huku kabureta inamwaga petroli karibu ile ile, mchanganyiko unakuwa mzito na nguvu inashuka. Utasikia gia ya juu imekataa, inagonga gonga kama mtu anayekohoa. Usibishane nayo, shusha gia mapema, acha injini izunguke vizuri, nenda hata na 30, hakuna anayekudai. Mkifika Soni simameni pale kwenye maporomoko mpige picha, dakika 10 au 15 injini imeshapoa, mnaendelea. Kupanda ndo hivyo tu, wala sina la kuongeza.

Kushuka sasa.

Tupige hesabu kidogo usichoke. Boxer yako, we, shemeji na begi, tuseme kilo 280. Kuvishusha vitu vya kilo 280 kutoka Lushoto mpaka Mombo ni mita 1,000 za kwenda chini, na nguvu yote ile iliyowapandisha haipotei, lazima itoke mahali, na ukishuka kwa mwendo wa taratibu inatoka kama joto. Joto lenyewe linatosha kuchemsha kama lita 8 za maji, toka maji ya bombani mpaka yanatokota. Yaani ndoo nzima karibu. Swali ni unalipeleka wapi. Sehemu kidogo inaliwa na upepo. Iliyobaki ni ama injini iibebe, na injini imetengenezwa kubeba joto, ina mapezi pembeni na oili ndani, ama uitupie breki ya nyuma ambayo ni vipande viwili vyembamba vya brekishuu vimefungiwa ndani ya dramu ambayo haina hata pa kupumulia.

Brekishuu ikipata moto kupita kiasi inakuwa kama imepakwa sabuni, haing'ang'anii tena. Na dramu yenyewe ni chuma, chuma kikipata moto kinatanuka, kwa hiyo ukuta wa dramu unazidi kwenda mbali na brekishuu, unakanyaga pedali inaenda chini zaidi na zaidi hadi inafika mwisho. Vyote viwili vinatokea kwa pamoja tena bila taarifa, maana kona 10 za kwanza breki ilikuwa inashika vizuri tu.

Haya sikuyasoma mahali. Miaka hiyo kijana, nilishuka kutoka Lushoto na pikipiki ya kuazima, nyuma nimefunga magunia 2 ya kabichi, na mi ndo nilikuwa najiona dereva. Toka Soni mguu uko juu ya breki ya nyuma, sijauinua hata kidogo, gia nimetoa. Nilipofika kule chini unapoanza kuyaona mashamba ya mkonge bondeni, nikakanyaga breki nikahisi kama nimekanyaga godoro. Hakuna kitu. Mungu alivyo mkubwa kona ile ilikuwa na mtaro upande wa mlima, nikaipeleka humo humo mtaroni, nikaanguka na kabichi zangu, nyingine zikavuka barabara zikaenda bondeni. Goti lilichubuka mpaka leo lina alama. Nikainuka natetemeka, nikatemea mate kwenye habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu chenye dramu, yakalia tsss kama yameangukia kikaangoni.

Kwa hiyo huyo rafiki yako wa frii mwambie fundi kasema akae kimya. Ukiweka frii umeikata injini isikusaidie, joto lote umelitupia breki, na mafuta unayosevu ni matone, maana ukishuka umeachia moto, yaani hukazi ile exeleta ya mkononi, na gia imeingia, kabureta inatoa petroli kidogo tu. Eti injini ipumue, injini haichoki kama mtu bwana. Sheria ya madereva wa milimani ni ile ile ya malori, gia uliyopandia ndo ya kushukia. Kama kipande fulani ulikipanda na gia ya pili, kushuka kwake ni ya pili. Ukiachia moto pistoni inakuwa inavuta hewa wakati mlango wa hewa umefungwa, inahangaika, na kule kuhangaika ndo kunakushika usikimbie. Utasikia injini inalia kwa sauti ya juu, usiogope, ilimradi hailii kama inataka kupasuka. Ikilia hivyo gusa breki kidogo upunguze mwendo, ama ingia gia ya chini yake ukiwa umeshapunguza. Na gia uichague kabla ya mteremko kuanza, sio katikati umeshaanza kukimbizwa.

Breki mzitumie kwa vipindi. Unakamata kwa nguvu ya kueleweka, mbele na nyuma pamoja, unapunguza mpaka mwendo unaoutaka, halafu unaachia kabisa, breki ipoe. Usiburuze mguu. Mkifika Soni mkiwa mnashuka simama tena, peleka kiganja karibu na habu bila kuigusa, joto likikupiga kiganjani kabla hata hujakaribia ujue unatumia breki kupita kiasi, pumzikeni na ukianza tena shusha gia moja. Na usimwagie maji dramu ya moto, inaweza kupasuka au kupinda.

Kitu kimoja watu wanasahau, injini inakushika kupitia cheni. Cheni ikikatika au ikiruka kwenye sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, ule msaada wote umeisha sekunde hiyo hiyo. Kama sproketi meno yamechongoka kama meno ya papa, badilisha seti nzima kabla ya safari.

Haya, breki ya mbele. Hii imani imeua watu wengi kuliko mnavyodhani. Pikipiki ikikamata breki uzito wote unahamia mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini, la nyuma linakuwa jepesi, kwa hiyo breki ya mbele ndo ina uwezo wa kukusimamisha na ya nyuma peke yake inaburuza tairi tu. Shemeji akikaa nyuma la nyuma linapata uzito kidogo kwa hiyo linasaidia zaidi kuliko ukiwa peke yako, lakini bado la mbele ndo baba. Wanaobinuka au kuteleza ni wale wanaoikwapua ghafla kwa woga, ama wanaoikamata katikati ya kona pikipiki imelala, ama juu ya mchanga. Ikamate kama unakamua chungwa, taratibu halafu unaongeza, na pikipiki ikiwa imesimama wima. Tafuta uwanja wa shule Jumapili ufanye mazoezi, mwendo 30, simama, rudia hata mara 20, halafu 40, na mara za mwisho shemeji akiwa nyuma. Na kumbuka, mwendo ukiuzidisha mara 2, umbali wa kusimama toka breki iliposhika unakuwa kama mara 4, na hiyo ni kwenye tambarare, kwenye mteremko unaongezeka tena.

Kwenye kona zenyewe, kazi yote inafanyika kabla hujaingia. Punguza mwendo ukiwa umenyooka, weka gia, ndo uingie, na ndani ya kona ushike moto kidogo tu wa kuituliza. Macho yaangalie unakotaka kutokea, yasiangalie bonde. Si utani, pikipiki inaenda macho yanapoangalia, ukilikodolea korongo utalifuata. Na kukata kona hauzungushi usukani kama wa baiskeli ya mtoto, unasukuma mbele kidogo mkono wa upande unaokwenda, ukitaka kushoto sukuma mkono wa kushoto, pikipiki inalala kushoto yenyewe. Inaonekana kinyume lakini hapo Mbagala kila siku unafanya hivyo ukikwepa mashimo, hujui tu kama unafanya.

Ile barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni lami ila nyembamba, kama kilomita 33, na kona vipofu ni nyingi. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, kona ya kulia ukiikata kwa uchu kichwa na bega lako vinavuka mstari wa kati hata kama tairi liko kwako, na anayekuja huko ni Fuso la mboga linawahi soko. Kona ya kushoto ukiingia na kasi unatupwa kulia, kwa Fuso lile lile. Utasikia watu wa mbio wanafundisha kuingia kona kutokea katikati ya barabara ili uone mbali, sawa, kwenye barabara pana. Hapa usifanye. Kaa kati ya upande wako, piga honi kabla ya kona usiyoiona mwisho, na akikupumulia nyuma mwenye Noah anayetaka kupita, tafuta penye nafasi umpishe, aende salama. Mvua ikiwa imenyesha angalia kokoto na udongo ulioletwa na maji, vinapenda kukusanyika ndani ya kona hapo hapo unapolaza pikipiki.

Na hapa ndo nakuja kwenye Pasaka yako. Pasaka inaangukia masika. Usambara mvua ya masika si manyunyu, kingo zinamomonyoka, udongo na mawe vinashuka barabarani, ukungu unakaa mpaka saa 4 asubuhi kule juu upande wa Magamba hauoni hata mita 30. Kuna wakati barabara inafungwa kabisa watu wanasubiri greda. Likizo najua haiombwi kama maji, lakini kama kuna namna ya kuisogeza, Januari na Februari ni pazuri, au kuanzia Juni mpaka Septemba kukavu, ila Julai baridi ya kule kwa mtu wa Mbagala ni adhabu, beba koti la kuzuia upepo na glavu, vidole vikifa ganzi huwezi kukamua breki. Mkienda Pasaka lazima, basi nasema waziwazi, pandeni basi. Irente mtafika kwa bodaboda wa pale pale, ni kilomita chache tu toka mjini na wenyewe njia wanaijua usingizini.

Mtae mi ningeitoa kwenye safari ya kwanza hata kiangazi. Sio kwa ubaya, kule kwenye kingo unaiona Mkomazi yote chini yako hutaki kuondoka, lakini ni njia ndefu ya udongo mwekundu, likidondoka wingu moja udongo ule unakuwa mlenda, na tairi zako za lami zitajaa tope ziwe kama maandazi.

Kuna hatari nyingine hujaniuliza. Kutoka Dar mpaka Lushoto ni kilomita 350 na ushee, na mlima ni zile 33 tu za mwisho. Nyingine zote ni barabara kuu, Kibaha mpaka Chalinze malori hayaishi, Chalinze mpaka Segera mabasi ya Arusha na Moshi yanapita kwa kasi upepo wake unakusukuma pembeni halafu unakuvuta tena. Kwa mwendo wako wa 60, ukiweka na mapumziko, ni saa 8 juu ya kiti kile chembamba. Halafu eti umechoka hivyo, mikono inakufa ganzi, jioni inaingia, ndo unaanza kona za Mombo. Hapana. Toka Dar alfajiri kukishapambazuka, simama kila baada ya saa moja na nusu mnyooshe miguu mnywe maji, laleni Korogwe au hapo Mombo, asubuhi kichwa kikiwa kipya ndo mpande. Usiku usiendeshe kabisa.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Shemeji apande basi mpaka Mombo, we utangulie au ufuate na pikipiki, mkutane pale mle, mlale, kesho yake mpande wote kwa raha zenu. Yeye hapigwi na upepo wa mabasi siku nzima, we unaendesha pikipiki nyepesi inayokamata breki vizuri, na sehemu tamu ya safari mnaifanya pamoja. Najua atasema anataka nyuma toka Dar, mwambie fundi kakataa. Mkipanda wote, asikae kama mzigo na asijilaze kivyake, mweleze kwenye kona aangalie juu ya bega lako la upande mnaokata, mwili wake utafuata wenyewe, na mkikamata breki mteremkoni ashike mpini wa nyuma asikusukume kwenye tangi. Helmeti wote wawili, na iwe ya kufungwa chini ya kidevu. Begi lifungwe kati na chini, sio mnara nyuma ya taa. Upepo wa tairi la nyuma uongeze kulingana na stika au kitabu cha pikipiki, kuna namba ya kuendesha peke yako na namba ya kuwa na abiria, usipimie kidole.

Sasa kile kitu. Umesema ikizidi 60 usukani unachezacheza na umeshazoea. Mdogo wangu, hicho hakizoeleki. Na kumbuka mteremkoni na mtu nyuma uzito unabadilika, kinachochezacheza kidogo Mbagala kinaweza kupiga mikono yako kushoto kulia mpaka ukaachia. Chanzo kinaweza kuwa kidogo tu, upepo mdogo wa tairi la mbele, tairi limeliwa upande, spoku zimelegea. Inaweza kuwa beringi za gurudumu au za shingo ya usukani zimekufa, shokapu za mbele zimevuja, au rimu au fremu imepinda baada ya shimo ambalo hata hulikumbuka.

Jipime hivi leo jioni. Weka stendi ya kati, mtu akalie kiti nyuma ili tairi la mbele lining'inie. Zungusha usukani taratibu kushoto kwenda kulia, ukihisi katikati kuna kama kishimo unakwama kidogo halafu unaruka, beringi za shingo zimeisha. Kisha chuchumaa mbele, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na sukuma, kukiwa na kugonga "kop kop" pale juu, zimelegea. Sukuma tairi lenyewe kushoto kulia, likicheza ni beringi za gurudumu. Lizungushe huku umeweka kidole karibu na rimu, uone kama linakata mauno.

Ukipata chochote kati ya hivyo, na hata usipopata ila bado inacheza, peleka kwa fundi mwenye kujua mambo ya usukani na rimu, mwambie dalili yote kama ulivyoniambia mimi, na akishusha gurudumu afungue dramu zote mbili mbele ya macho yako uone brekishuu zimebaki unene gani. Halafu umwombe aijaribu yeye barabarani, na akirudi muulize alifika ngapi. Mpaka ifike 70 usukani umetulia kama meza, hakuna Lushoto, na kwa kweli hata kazini kwako ningekuambia uende kwa daladala kwanza.